Gauni Lisilokuwapo

Katika mwaka wa 1999, Wayua binti Kilonzo alifuta vitu vitatu kabla ya chakula cha mchana: keki, gauni na bwana arusi. Keki ilifutika bila matata, kwa kuwa mwokaji wa Ukunda alikuwa hajawasha hata jiko. Hivyo viwili vingine vilikuwa na maoni yao.

Gauni ndilo lililotangulia kukaidi. Lilifika Diani asubuhi ya Jumatatu, ndani ya boksi refu jeupe, mikononi mwa mtu wa vifurushi aliyetokwa na jasho. Akalitua juu ya meza ya mapokezi ya hoteli, pale Wayua alipokuwa akimpokea Mjerumani mmoja aliyekwisha kuiva kwa jua kama pweza wa kuchemshwa.

"Bi Wayua Kilonzo? Tia sahihi hapa."

Wayua alisoma jina la duka ubavuni mwa boksi, akaiweka kalamu chini polepole.

"Hili nililifuta."

"Mimi sifuti, dada. Mimi naleta," akasema mtu wa vifurushi, na kwa kuwa hakuna sheria iliyotungwa bado ya kumjibu mtu kama huyo, Wayua alitia sahihi.

Aliyekuwa zamu naye siku hiyo alikuwa Salwa, msichana wa Mkwiro, mwenye sauti ya taratibu na ulimi usiokuwa wa taratibu hata kidogo. Alilizunguka boksi mara moja, kama mtu anayekagua mbuzi wa Idi.

"Shoga yangu, ulifuta kwa wino gani?"

Ilikuwa hivi. Huko Nairobi kulikuwa kumefunguliwa duka liitwalo Vazi Leo, lililouza magauni ya arusi kwa kompyuta. Mteja hakanyagi dukani. Anatazama picha, anatuma vipimo vyake, anatuma fedha kwa posta, anangoja. Jambo hilo lilikuwa geni mno wilayani Kwale, na kompyuta ya hoteli yenyewe ilipojiunga na simu ililia kama paka aliyekwama kwenye mfereji wa bati. Kisilu, mchumba wa Wayua, ndiye aliyelichagua gauni hilo, mkia wake ukiwa mrefu kuliko njia ya kutoka mlangoni hadi madhabahuni. Oda ilipofutwa, Vazi Leo walijibu siku hiyo hiyo, wakasikitika, wakazirudisha fedha zote. Duka lilikuwa na adabu zote isipokuwa moja tu: ya kutolituma gauni.

Na Kisilu alifutwa kwa nini? Yeye alikuwa mhudumu wa chumba cha chakula, lakini kila Alhamisi usiku hoteli ilimvika shuka nyekundu, ikampa mkuki, ikamgeuza shujaa wa kabila lisilojulikana na mtu yeyote. Mtalii mmoja wa kike aliteuliwa, akavishwa shanga, akaozwa kwa shujaa huyo mpaka kahawa ilipoletwa. Wayua alilijua hilo na wala halikumkosesha usingizi. Kazi ni kazi. Lakini Alhamisi moja alipita kupeleka ufunguo, akamsikia shujaa akisema kwenye kipaza sauti: "Mimi sina ng'ombe wengi wala shamba kubwa. Lakini kila asubuhi nitakayoamka, nitakuchagua tena."

Maneno hayo Wayua aliyafahamu. Aliambiwa yeye, katikati ya michungwa ya baba yake, na Kisilu alilia alipoyasema. Sasa yalikuwa yakitafsiriwa kwa Kijerumani, na Kisilu alikuwa akilia tena. Kumbe machozi yake yalikuwa na zamu.

"Maneno ni yako, Wayua," Kisilu alijitetea kesho yake nyuma ya jiko la hoteli. "Kule nilikuwa nikiyafanyia mazoezi tu."

"Basi endelea na mazoezi," Wayua akamwambia, akaenda kufuta.

Kwa hiyo boksi lile lilipofika, jambo halikuwa la nguo peke yake. Wayua alilifahamu mara moja, na Salwa akalifahamu kabla yake.

"Litarudi Nairobi," Wayua akasema. "Nikilipokea gauni nililolifuta, kesho nitaambiwa nimpokee na mume niliyemfuta."

"Na yeye akiletwa ndani ya boksi, utamtilia sahihi?"

"Salwa!"

"Nauliza tu. Basi sikiliza, mwana wa Kilonzo. Mali ya mtu ni mali ya mtu, hata akiisahau mapajani mwako. Hili ni amana. Umjulishe mwenyewe, ulitunze, usilitumie."

"Hata kujipimia?"

Salwa alifikiri kwa uzito wa kadhi. "Kulishika mbele ya kifua si kuvaa. Kutia mkono ni kuvaa."

Wakaingia chumba cha mashuka, wakalishika mbele ya kifua, wakatazama kioo. Kisha wakalikunja haraka na kulifunga boksi, kama watu waliokutwa wakifunua chungu cha jirani.

Barua pepe ya kwanza kwenda Vazi Leo ilikuwa fupi: gauni limefika, lilifutwa, njooni mlichukue. Jibu likaja: "Asante kwa kutuandikia. Kumbukumbu zetu zinaonyesha kuwa oda yako ilifutwa, kwa hiyo gauni hilo halikutumwa."

Wayua akaandika tena. Akalieleza gauni, vifungo vyake, kola yake, mkia wake. Jibu likaja: "Tunafurahi kukuhakikishia kwa mara nyingine kuwa halikutumwa. Tafadhali usilirudishe, kwa sababu hatuna utaratibu wa kupokea kitu ambacho hakijatoka."

"Hawa watu wana imani yenye nguvu," Salwa akasema. "Sisi tumeliona, wao hawajaliona, na wao ndio wasio na shaka."

Wakati Wayua akipigana na Nairobi kwa kompyuta, baba yake alikuwa akipigana na mbuzi.

Mzee Kilonzo alitoka Kitui zamani, akapewa shamba kwenye makazi ya Shimba Hills, akapanda michungwa na mahindi, na akazishika desturi za Kikamba kwa nguvu kuliko wale waliobaki Kitui. Mbuzi wa ntheo, wanaomfanya msichana kuwa mke wa watu hata kabla ya kanisa, mzee alikuwa amekwisha kuwapokea kutoka kwa kina Kisilu, na kuwala, na kuwasifu. Uchumba wa namna hiyo haufutwi kwa kompyuta wala kwa kelele za nyuma ya jiko. Hufutwa kwa mbuzi mmoja anayerudishwa kwa kina mume, mbui ya ulee, yaani mbuzi wa kukataa. Akishapokelewa na kulala kule, mambo yamekwisha.

Kilonzo alimteua Karani, beberu aliyepewa jina hilo kwa kupenda karatasi. Alikuwa amekwisha kula mfuko wa saruji, nyimbo za kwaya za Pasaka nzima, na picha ya mgombea ubunge, naye mgombea akashinda. Karani akapelekwa ng'ambo ya bonde kwa kina Kisilu, akafungwa zizini kwao. Kulipokucha alikuwa langoni kwa Kilonzo, kamba ya shingoni imenasa kwenye lango, akitafuna.

Akapelekwa tena. Akarudi tena. Kilonzo akampeleka yeye mwenyewe, akafunga fundo la baharia alilofundishwa na mtu wa Msambweni. Asubuhi Karani alikuwa langoni, na fundo limefunguliwa vizuri, halikukatwa.

"Umeona?" Kilonzo akamwambia binti yake, bila huzuni yoyote. "Kukataa kwako hakujapokelewa."

"Baba, ni mbuzi tu. Amezoea zizi lake."

"Wengine ni mbuzi. Huyu ni hati yenye miguu. Maadamu analala hapa, wewe bado ni mke wa Kisilu."

Ijulikane kwamba mzee alimpenda Kisilu. Kisilu alikuwa akimletea mikate ya hoteli, ile yenye ufuta juu, na tangu keki ilipofutwa mikate nayo ilikuwa imekoma.

Wayua akarudi kazini akiwa na hasira mbili. Asipolirudisha gauni, mbuzi naye atapata ushahidi kwamba arusi bado ipo. Salwa akamwambia aondoke kwenye kiti, akaketi yeye mbele ya kompyuta. Barua aliyoiandika ilianza kwa salamu, ikawauliza watu wa Vazi Leo hali zao, na za wazee wao, na za watoto wao kama wanao, ikawaombea heri na afya, na mwisho kabisa ikasema kwamba kwa kuwa gauni halipo, bila shaka hawatachukizwa likitundikwa mahali pa wazi.

Likatundikwa kwenye mapokezi, juu ya kibao cha bei za safari, na kadi kubwa kwa Kiswahili, Kiingereza na Kijerumani: GAUNI HILI HALIPO. MWENYEWE NI VAZI LEO, NAIROBI.

Wageni walipiga picha nalo kuliko walivyopiga na bahari. Mwitaliano mmoja alivua kofia mbele yake. Bibi mmoja wa Nairobi, aliyekuja kupumzika na dada zake, alicheka mpaka akaletewa maji, akarudi kwao na habari hiyo. Siku chache baadaye gauni likapatikana kwenye kumbukumbu za Vazi Leo. "Kulitokea hitilafu," wakaandika. "Wakala wetu wa Mombasa, Bwana Mwero, atalifuata Jumapili. Sharti liwe katika hali ile ile lililotoka nayo."

"Lililotoka nayo?" Salwa akasema. "Si halikutoka?"

Meneja wa hoteli naye, aliyekuwa amelicheka kama wengine, aliamuru liondolewe, kwa kuwa wageni walikuwa wameanza kuuliza bei. Wayua akalipeleka nyumbani Shimba Hills, akamwelekeza Mwero kwa simu.

Jumapili hiyo ilikuwa na shughuli nyingi. Karani, aliyepelekwa tena Jumamosi, alikuwa amekwisha kurudi langoni. Mamake Wayua alikuwa Kitui akimuuguza dada yake, kwa hiyo hakuwapo mtu wa kumzuia Kilonzo, naye alikuwa amemwita Kisilu aje baada ya ibada wazungumze habari za mbuzi. Salwa alikuja toka asubuhi na sambusa za kutosha baraza nzima. Hakualikwa, lakini alisema kesi isiyo na shahidi haishibishi. Wayua alilipiga pasi gauni, akaona bado lina harufu ya boksi, akalitundika kwenye kamba baina ya michungwa miwili lipigwe upepo. Alitaka kulirudisha likiwa safi kuliko lilivyokuja, asidaiwe hata harufu.

Mwero alifika kwa pikipiki, mtu mwembamba mwenye tai, vumbi jekundu limempanda hadi kwenye nyusi. Kisilu alifika kwa miguu, shati la kanisani limefungwa hadi shingoni.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Umekuja mikono mitupu?"

"Sikujua kama naruhusiwa mikate, Mzee."

"Mikate haina kesi," Kilonzo akasema.

Kisilu alimtazama Wayua, Wayua akautazama mlima. Mwero akakohoa, akaomba aonyeshwe mzigo. Wakaizunguka nyumba wote watano... yaani wanne na Salwa, aliyekuwa ametangulia, na ni yeye aliyesimama ghafla na kusema, "Astaghfirullahi."

Karani alikuwa chini ya kamba. Mkia wa gauni ulikuwa umeingia kinywani mwake na kupotea, na kile kilichobaki nje kilikuwa kikifuata taratibu. Alitafuna macho yamefumba nusu, bila haraka na bila majuto, kama jaji anayejua kuwa hakuna mahakama juu yake. Wayua alipiga ukelele, akalivuta gauni. Likaja, lakini lilikuja hadi magotini tu.

Mwero alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hali haikubadilika.

"Hii siyo hali lililotoka nayo," akasema kwa masikitiko. "Duka litataka kujua nani atalilipa."

Wote wakamgeukia Salwa, maana kwa siku zile chache alikuwa amekuwa sheria.

"Amana ilitunzwa, haikutumiwa," Salwa akasema. "Wayua hana kosa. Mnyama akiharibu, aulizwe mwenye mnyama. Basi, mbuzi huyu ni wa nani?"

Karani aliendelea kutafuna.

"Ni wa Kisilu," Kilonzo akasema.

"Baba!" Wayua akamgeukia. "Majuzi ulisema nini? Ulisema analala hapa, kwa hiyo mimi ni mke wa watu!"

"Majuzi nilikuwa nikiongea habari za kulala. Leo tunaongea habari za kula." Mzee alijiweka sawa kofia. "Nilimtoa kwa mkono wangu, nikamfunga kwao. Mbuzi wa kukataa ni wa aliyekataliwa. Kama anapenda kunitembelea, ni mgeni."

"Basi kukataa kumepokelewa?" Salwa akauliza kwa upole wa kutisha. "Mambo yamekwisha?"

Kilonzo aliiona kwa mawazo mikate ya ufuta ikiyoyoma, akalitazama gauni, akapima. "Yamekwisha," akasema kwa sauti ndogo.

Sasa ikabaki kwa Kisilu. Neno lake lilikuwa moja kati ya mawili. Akisema mbuzi ni wangu, amekubali kukataliwa, atalipa gauni na atakwenda zake bila mke. Akisema si wangu, amebaki na mke kwa desturi, na baba mkwe ndiye atakayelipa, na mkwe wa namna hiyo hapewi hata maji. Wayua aliona kuwa yeye mwenyewe ameacha kuvuta pumzi. Alijiambia ni kwa ajili ya gauni. Mwili wake haukuamini.

"Mbuzi si wangu," Kisilu akasema.

Kilonzo akafungua kinywa.

"Lakini gauni nitalilipa mimi."

"Kwa sheria gani?" Mwero akauliza, kalamu ikiwa tayari. "Kama mbuzi si wako, unalipaje?"

Kisilu aliangalia viatu vyake. Vilikuwa na tope jekundu la bondeni, tope bichi juu ya tope lililokauka.

"Mzee, mbuzi huyu harudi mwenyewe. Mimi ndiye ninayemrudisha. Kila mlipomleta, nilimfungua kabla ya alfajiri, nikamvusha mtoni, pale daraja lilipochukuliwa na El Nino, nikaifunga kamba yake langoni kwenu ionekane kama imenasa tu, kisha nikateremka kazini. Ameshanila soksi na ratiba ya zamu. Leo nilikuwa nimechelewa ibada, nikafunga fundo bovu. Ndiyo maana amefunguka. Kosa ni la fundo, na fundo ni langu."

"Fundo langu la baharia!" Kilonzo akasema. "Wewe ndiye uliyelifungua?"

"Lilinichukua muda mrefu sana, Mzee."

Wayua alilishusha gauni, mkia usiokuwapo ukining'inia. "Kwa nini hukumwacha alale kwenu, yaishe?"

"Angelala, ingekuwa imekwisha kweli," Kisilu akajibu. Alisimama hapo, mikono haijui pa kwenda. Hakulia. Kipaza sauti hakikuwapo, wala Mjerumani, na pengine ndiyo sababu sauti ilimtoka mbaya, kama ya mtu aliyebanwa na mlango.

Wayua alimkagua kama alivyozikagua pasipoti za wageni.

"Na maneno hayo uliyoyasema sasa hivi, umekwisha kuyasema hotelini siku ya Alhamisi?"

"Hapana."

"Una hakika?"

"Wayua, watalii hawana mbuzi."

Salwa ndiye aliyeanza kucheka, akaketi chini kwenye majani na sambusa zake. Wayua alijitahidi. Alijitahidi kwa heshima ya wanawake wote waliodanganywa kwa kipaza sauti, lakini kicheko kilimpita mahali asipokuwa na askari, kikatoka puani.

"Na Alhamisi ijayo utawaambia nini?" akauliza alipoweza.

"Nitawaambia habari za hali ya hewa. Wakitaka kulia, walie."

Mwero alikuwa na shida yake. Kitabu chake cha stakabadhi kilikuwa na nafasi ya gauni lililouzwa na gauni lililorudishwa, hakikuwa na nafasi ya gauni lililofutwa, lisilotumwa, lililofika, likaliwa. Mwishoni aliandika kwamba duka limeliuza upya, kwa Bwana Kisilu wa Shimba Hills, na Kisilu akatia sahihi kwamba atalilipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Hivyo Kisilu akawa mwanamume wa kwanza kwenye makazi yale kumiliki gauni la arusi, lenye urefu wa magotini.

"Sasa ni lako," Salwa akamwambia. "Halali kabisa. Utalivaa wapi?"

Kisilu alilikunja gauni, akamnyoshea Wayua kwa mikono miwili, kama mtu anayeleta kitu kisichoagizwa.

Wayua hakulipokea papo hapo. Alimgeukia kwanza baba yake.

"Baba, mtie Karani zizini."

"Zizi gani?" Kilonzo akauliza kwa tahadhari, maana mambo ya umiliki yalikuwa yamemchosha.

"Letu. Na umfunge vizuri, asiende popote."

Kilonzo aliikamata kamba kwa furaha kubwa kuliko heshima yake ilivyoruhusu. Karani alikubali kuongozwa, akapiga hatua chache, akasimama, akakohoa, akatema kifungo kimoja cheupe mbele ya viatu vya Mwero. Mwero alikiokota, akakitazama juani, akakiandika kwenye stakabadhi.